Riwaya na Ukomo wa Maarifa (2): Njia Isiyokwisha ya Kezilahabi

Riwaya ya Kiswahili iliyolibeba swali la ukomo wa maarifa kwa uzito wake wote ni Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ikafuatwa na Mzingile mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, lakini vimewatoa jasho wasomaji waliozoea visa vyenye kichwa na miguu.

Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, hakuanzia huko. Msomaji wa Iringa atamkumbuka kwa Dunia Uwanja wa Fujo (1975), ambamo Tumaini, akipokonywa shamba, anampiga risasi mkuu wa wilaya. Ni vigumu kukisoma kisa hicho bila kuwaza Isimani, alikouawa Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, siku ya Krismasi 1971. Mambo ya humo yanashikika: shamba, bunduki, sheria.

Nagona haishikiki hivyo. Msimulizi ni "mimi" tu, anasafiri katika nchi isiyo na ramani akiutafuta ukweli. Njiani wamo hata wanafalsafa kama Socrates, Plato na Nietzsche, lakini hakuna anayemfikisha. Katika Mzingile anatumwa kwa mzee wa mlimani, aliye mfano wa Mungu, kumpasha habari kwamba mwanawe amekufa.

Jorge Luis Borges wa Argentina alilishika swali hilohilo kwa hesabu. Maktaba aliyoibuni mwaka 1941 ina vitabu vya kurasa 410, mistari 40 kwa ukurasa, herufi kama 80 kwa mstari, vyote kwa alama 25. Idadi ya vitabu tofauti vinavyowezekana ina kikomo, ingawa kuiandika tu kwahitaji tarakimu zaidi ya milioni 1.8. Kwa Borges, basi, jibu lipo kwenye rafu fulani. Anayelitafuta ndiye atakayekufa kabla ya kulifikia. Kezilahabi anakwenda mbali zaidi. Kwake hakuna rafu yenye jibu, kwa kuwa kila mfumo wa fikra, wa Kigiriki au wa kimapokeo, ni duara linalomrudisha msafiri pale alipotoka.

Si kila fumbo la vitabu hivi lina kitu ndani. Mengine yamefungwa kupita kiasi. Hata hivyo, hakuna kazi ya Kiswahili kabla yake iliyothubutu kiasi hicho.

Sehemu ijayo itaichambua Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya.