Berlin kwa mfuko mwembamba: kutoka basi namba 100 hadi barabara ya Maji Maji

KWA msafiri mwenye begi la mgongoni na euro za kuhesabu, Berlin ni mji wenye huruma. Mengi ya kuonwa hayana kiingilio, na kwa mtu wa Afrika Mashariki baadhi yake yanamhusu moja kwa moja.

Mwezi Septemba 2024, mimi na rafiki yangu, Mtanzania mzaliwa wa Lindi, tuliingia mjini humo alfajiri kwa basi la usiku kutoka Prague. Tulisafiri usiku ili kuokoa pesa ya malazi. Mizigo tuliiacha hosteli, tukanunua mkate, jibini na matufaha dukani, na chupa za maji tukazijaza bombani.

Hatua ya kwanza ni tiketi ya saa 24 ya kanda A na B, inayotumika kwenye mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi. Sharti uigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kusafiri. Hakuna geti la kukuzuia, lakini baadhi ya wakaguzi huvaa kiraia, na asiye na tiketi halali hutozwa euro 60. Kwa pesa hiyo sisi tungekula siku nne.

Mabasi ya watalii ni ghali, lakini basi la kawaida namba 100 hupita karibu na majengo mengi yale yale. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1990 kuunganisha magharibi na mashariki ya mji, baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989. Ni basi la ghorofa, nasi tuliwahi viti vya juu, mbele kabisa.

Tulishuka kwenye jengo la Bunge, Reichstag. Kuba lake la kioo, kazi ya msanifu Mwingereza Norman Foster, lilikamilika mwaka 1999. Kupanda ni bure, ila lazima ujiandikishe mapema kwa intaneti na uje na pasipoti. Ukiwa juu, ukiinamisha macho unauona ukumbi wa wabunge chini ya miguu yako. Mwenzangu alicheka, akasema hapo mheshimiwa hasinzii.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi Lango la Brandenburg, kisha kwenye kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa na utawala wa Hitler. Ni uwanja wa nguzo 2,711 za zege, uliofunguliwa mwaka 2005. Unaingia kutoka upande wowote. Kadiri unavyosonga ndani ardhi inashuka, nguzo zinakuzidi kimo, na mara humwoni tena uliyekuja naye.

Kibao cha Wilhelmstrasse

Tuliendelea hadi Wilhelmstrasse namba 92. Eneo hilo ndipo lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, ambamo wajumbe wa mataifa 14 walikutana kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, wakaweka kanuni za kugawana Afrika. Mwafrika hakualikwa hata mmoja.

Jumba lenyewe halipo tena. Kilichopo ni kibao cha kumbukumbu kando ya njia, na watu wanapita na mifuko yao ya sokoni. Tulisimama tukakisoma chote.

Kisha tukatembea hadi kituo cha Stadtmitte, tukapanda treni ya mstari wa U6 mpaka kituo cha Naturkundemuseum. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Makumbusho hayo yana mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, katika msafara wa Wajerumani wa mwaka 1909 hadi 1913. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na umri wa takriban miaka milioni 150. Kuingia ni kwa kulipa.

"Ndugu yangu, nilipe kumwona mjusi wa kwetu?" aliuliza mwenzangu.

Nilimwambia kwamba akikataa atarudi Lindi bila kumwona, na aliyemweka pale hatapungukiwa kitu. Alinyamaza, akatoa kitambulisho chake cha mwanafunzi, akapunguziwa bei. Hicho ndicho kiingilio pekee tulicholipa siku nzima.

Ndani, watoto wa shule walikuwa wamekaa sakafuni wakimchora. Mwenzangu alizungumza kuhusu wabebaji. Mamia ya watu wa kusini walichimba mifupa hiyo na kuibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Makadirio ya juu ya waliokufa kwa vita hivyo na njaa iliyofuata yanafikia 300,000.

Tulirudi kwenye U6 kuelekea kaskazini hadi mtaa wa Wedding, kwenye eneo liitwalo Mtaa wa Kiafrika. Huko kuna Ugandastrasse, Sansibarstrasse, Tangastrasse na Kongostrasse, majina mengi yakiwa ya enzi za ukoloni au ya kuukumbuka.

Barabara moja ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule aliyeitwa Mkono wa Damu, ambaye mwaka 1890 alifika hadi kwa Kabaka Mwanga kutafuta mkataba. Mwaka 1986 wakuu wa mji walisema jina hilo sasa ni la Peters mwingine. Agosti 2024 jina lilifutwa kabisa, na sehemu ya barabara hiyo ikawa Maji-Maji-Allee. Sisi tulifika mwezi uliofuata.

Mwenzangu alisema kubadili kibao ni rahisi kuliko kurudisha mifupa. Nilimjibu kwamba hata kibao hicho kilidaiwa kwa miaka mingi kabla hakijabadilishwa.

Kwa atakayepita Berlin: makumbusho hufungwa Jumatatu, hivyo chagua siku nyingine. Chupa tupu ya plastiki usiitupe, kwani nyingi hurudishiwa senti 25 dukani. Na mstari wa U6 unafika kwa mjusi na kwa Maji Maji kwa tiketi ile ile.