Malaba: Una haki gani unapouza biashara yenye nembo ya kampuni nyingine?
Malaba ni mji uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Baadhi ya biashara zake, kama vibanda vya wakala wa pesa kwa simu, huendeshwa na watu binafsi chini ya nembo za kampuni kubwa. Je, mwendeshaji anapotaka kuuza, huuza nini hasa?

Bidhaa na samani ni mali yake. Nembo ameruhusiwa kuitumia tu, na kwa kawaida ruhusa hiyo haihamishiki bila idhini ya kampuni. Kenya na Uganda hazina sheria mahususi kuhusu mikataba ya kutumia nembo (franchise) kwa jumla, hivyo mkataba ndio mwamuzi mkuu. Aghalabu huipa kampuni haki ya kumchunguza mnunuzi, kutoza ada, au kununua yenyewe kwanza.

Nchini Kenya, Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500, humbebesha mnunuzi madeni ya muuzaji iwapo tangazo la uhamishaji halikutolewa ipasavyo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Upande wa Tororo, sheria hiyo haifiki.

Anayelipa kabla ya kuona idhini ya maandishi huenda akabaki na chumba kisicho na nembo.