Mkate Wetu

Wakatekumeni wanatuuliza: kwa nini tunaomba mkate katika Baba Yetu, na sisi tunakula bukari? Swali lao ni la haki. Wayahudi waliposema "kula mkate" walitaka kusema kula chakula, basi bukari imo ndani ya sala hiyo, pamoja na sombe na samaki.

Neno gumu ni lile la "kila siku". Kwa Kigiriki ni epiousios, nalo katika Biblia nzima laonekana mara mbili tu: Matayo 6,11 na Luka 11,3. Mtakatifu Yeronimo aliandika kwa Kilatini quotidianum katika Luka, lakini katika Matayo supersubstantialem, yaani unaopita vitu vyote. Kwa hiyo wengi walifahamu humo Ekaristi. Sisi hatuoni sababu ya kupokea maana moja na kutupa nyingine.

Lakini katekista asisahau kuwaonyesha "utupe". Hatusemi "unipe". Katika Misa twaisali sala hiyo kabla ya kukomunika, na hata yule aliyefunga mlango jana jioni, akala peke yake, jirani akilala njaa, anaomba kwa wingi pamoja nasi.