Waridi la Jangwani Katika Bustani ya Nyumbani

Akaaye Elwak, katika Kaunti ya Mandera, hana haja ya kuagiza maua ya ng'ambo yanywayo maji kila jioni. Mji huu unajulikana kwa visima vyake, na maji ya kisimani yana wenyewe: watu kwanza, kisha ngamia, ng'ombe na mbuzi. Ua huja mwisho. Kwa hiyo yafaa kupanda lile lililozoea nchi kavu, yaani waridi la jangwani, ambalo wataalamu huliita Adenium obesum.

Neno hilo la pili maana yake ni "nene", wala halikutolewa bure. Shina lake huvimba chini kama chupa, kwani humo ndimo mti uwekamo akiba ya maji. Wakati wa ukame hupukutisha majani, nawe ukidhani umekwisha kufa, matawi yale matupu hutoa maua mekundu ya kupendeza, yenye weupe katikati.

Wengi wauonapo porini huung'oa ili wauhamishe nyumbani. Jambo hilo si jema. Shina nene ni kazi ya miaka mingi, na mizizi iliyokatwa kwa jembe huoza upesi, hata mwisho pori limepoteza mti na bustani haikupata kitu. Afadhali mbegu. Matunda yake hukaa mawili mawili, mfano wa pembe. Yakaribiapo kupasuka, yafunge kwa uzi, maana mbegu zina nywele katika ncha zote mbili na upepo huzichukua mara moja.

Twaa mkebe uliotobolewa chini, utie mchanga mnene na udongo kidogo. Laza mbegu, uzifunike kwa mchanga mwembamba tu. Mbegu mpya huota kwa muda wa wiki moja hivi. Mche mchanga hupewa maji kila mchanga ukaukapo. Uliokomaa huvumilia siku nyingi. Waridi hili huuawa na maji mengi kuliko kiu. Ukikata tawi na kulipanda litaota, lakini kwa kawaida halipati shina nene kama la mbegu. Tena panda miche miwili au zaidi, kwa kuwa mti ulio peke yake kwa kawaida hauzai mbegu.

Liko jambo moja la kuangaliwa sana. Utomvu wake ni sumu kali ya moyo. Wahadzabe, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi huko Tanzania, huutumia kwa mishale yao. Basi usiupande watoto wachezapo, wala karibu na zizi. Ukikata tawi, osha mikono na kisu kabla ya kushika chakula.

Huko Thailand na Taiwan, mbali na Afrika, wakulima wameufanya mti huu biashara kubwa, wakiunganisha vikonyo hata kupata maua ya rangi nyingi. Hapa Elwak, mbegu zipandwe mvua za Aprili zikaribiapo, na miche ikae juani.