Sekondari ya Ufukweni na Mtoto wa Kisiwani

Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 aliondoka Mwitongo, Butiama, akaenda Mwisenge mjini Musoma kuanza shule, mwendo wa maili 26. Safari hiyo husimuliwa kila ifikapo Oktoba 14. Lisilosimuliwa sana ni kwamba shule ile ilikuwa na bweni. Lau Kambarage Nyerere angelazimika kurudi Butiama kila jioni, Uzanaki ungepata mchunga mbuzi mmoja zaidi, na habari ingeishia hapo.

Tunalikumbusha jambo hili kwa ajili ya sekondari za kata zilizo kandokando ya Ziwa. Nyingi zilizaliwa baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, nazo zilisimamishwa kwa desturi iliyo kongwe kuliko Serikali yenyewe, yaani msaragambo. Mbiu hupigwa jioni. Alfajiri wanaume wako mlimani wakipasua mawe, na akina mama wanasomba mchanga na maji kutoka ziwani. Asiyefika pasipo udhuru hutozwa faini, na wazee ndio wapimao udhuru. Kuta zikifika usawa wa linta, Serikali huombwa bati na walimu.

Desturi hiyo imepata mtihani. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na michango ya lazima ilipopigwa marufuku mwaka 2018, wavivu walijipatia hoja: bila ada, basi na bila jembe. Hiyo ni tafsiri potofu. Lakini hatuna budi kusema na upande wa pili. Wapo viongozi waliougeuza msaragambo kuwa kodi, kisha wakayaacha maboma yaote majani kwa kukosa bati. Mwananchi apitaye hapo haoni boma. Analiona jiwe lake alilolibeba kichwani. Mwakani mtampigiaje mbiu?

Mzigo wa uzembe huo humwangukia kwanza mtoto wa kisiwani. Kwa miaka mingi mtoto wa Rukuba aliyefaulu darasa la saba alilazimika kuvuka maji kwenda kusoma Etaro. Ziwa halijui kengele ya shule: upepo ukivuma asubuhi, mtumbwi hauondoki. Anayekwepa mawimbi hupangiwa chumba karibu na shule. Binti wa miaka 14 ajipikie, ajilinde, agongewe mlango usiku na majirani wanyamaze. Kisha mwisho wa muhula aandikiwe kwamba mahudhurio yake hayaridhishi!

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, pasipo kungoja majengo ya fahari. Watoto wengi walianzia chini ya miti, nao walisoma. Ndugu zetu maofisa hupenda kuutaja moyo ule wanapopungukiwa fedha. Sawa. Darasa laweza kuwa chini ya mwembe, bweni haliwezi.

Basi Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zitakapoketi kupanga bajeti, tunaomba bweni kwa kila sekondari inayopokea watoto wa visiwani litangulie ukarabati wa ofisi na ununuzi wa magari. Wananchi watasomba mawe. Tarehe ya kufika kwa bati iandikwe, ibandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kijiji, kabla mbiu haijapigwa.