Mla mbao asiye na bakteria tumboni

Ng'ombe hatafuni nyasi akazimaliza peke yake. Tumboni mwake wamo vijidudu wasiohesabika wanaovunja selulosi, ndipo apate nguvu. Mchwa naye ni vivyo hivyo. Hata teredo, yule chaza mrefu kama mnyoo anayetoboa majahazi, hufuga bakteria katika matamvua yake, na vimeng'enya vyao humfikia tumboni.

Limnoria hakufuata njia hiyo. Ni kiumbe wa jamii ya kaa na kamba, mwenye urefu wa milimita chache na jozi 7 za miguu, anayekula mbao zilizozama baharini. Watafiti walipompasua na kumtazama kwa hadubini ya elektroni miaka ya 1970, waliukuta utumbo wake umejaa mbao iliyosagwa, lakini hauna bakteria. Kwa mnyama mla mbao, hilo ni jambo la ajabu kwelikweli.

Mwaka 2010 wanasayansi wa Uingereza walionyesha kuwa vimeng'enya anajitengenezea mwenyewe, katika tezi iliyo kando ya utumbo. Mwaka 2018 ikabainika pia kwamba hemosianini, protini inayobeba oksijeni katika damu ya kaa na kamba, kwake husaidia kuilegeza mbao ili vimeng'enya vipenye.

Bakteria wapo, ila nje: juu ya gamba lake, kwenye kinyesi na katika kuta za handaki analochimba. Handaki lenyewe hupita chini kidogo tu ya uso wa mbao, na juu yake limnoria hutoboa vitundu vya kuingizia maji safi. Mbao ina nitrojeni kidogo mno, hivyo inadhaniwa kwamba bakteria na kuvu anaowameza pamoja nayo humwongezea lishe.

Ajabu nyingine ilionekana kwenye nguzo zilizolowekwa kriosoti, dawa yenye sumu ya kuhifadhi mbao. Limnoria walioishi humo walikutwa na bakteria tumboni, watafiti wakahisi kwamba ndio wanaowasaidia kuihimili sumu ile.

Tusimchanganye na sferoma anayetoboa mizizi ya mikoko kwetu, kama ilivyochunguzwa Gazi, kusini mwa Mombasa. Huyo hali mbao. Anachonga makazi, kisha anachuja chakula majini.

Kwa anayelinda gati, naona tofauti hizi ni za msingi. Dawa ya kuua bakteria ingeweza kumyima teredo msaidizi wake. Limnoria angeendelea kutafuna.