Gari ikichemsha, usikimbilie kununua spea



Mwezi huu tuongee habari ya gari. Kuna watakaosema gari ni kitu cha matajiri, lakini sisi hapa Omugo tunajua mambo yanavyokwenda. Familia tatu nne zinachanga, au kikundi cha akiba kinakubaliana, halafu inanunuliwa Probox au Hiace ya zamani ili ibebe watu na mizigo kwenda Arua au Koboko. Gari hiyo ndiyo karo ya watoto, ndiyo sabuni na chumvi. Injini ikifa, nyumba zote zinaumia pamoja. Na miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba, jua likiwaka na vumbi likipanda, ndipo utakuta gari zimesimama kando ya barabara, boneti juu, mvuke unatoka.

Kabla ya yote, wazazi na madereva wasikie hili: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Arua iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria yaliyo wazi yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Lakini kifuniko cha rejeta kina springi inayoyabana maji, na humo ndani yanaweza kukaribia digrii 120 bila kuchemka. Ukifungua, ile nguvu inaachiliwa ghafla na maji yanaruka na mvuke mpaka usoni. Watoto wanapenda kusogea kuangalia, wafukuzeni mbali. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza na uwe laini ukiuminya. Ndipo uweke kitambaa kinene na kuzungusha kidogo kidogo. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, halafu kituo cha afya. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia havisaidii kidonda cha moto, vinakiharibu.

Na wewe dereva, usimwage maji baridi kwenye injini inayowaka moto. Hedi inaweza kupasuka. Injini ya Probox ya lita 1.5, kwa mfano, ni alumini juu na chini, na alumini ikizidi moto inapinda. Ndiyo maana ile tabia ya "tusukume tu mpaka senta, si mbali" inagharimu sana. Kilometa tano za mwisho zinaweza kula pesa kuliko safari zote za mwezi ule.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Wako makanika wazuri, wapo pia wale wa kubahatisha: leo wanasema leta pampu ya maji, kesho leta rejeta, kesho kutwa leta gasketi. Mwenye gari analipa mara tatu na gari bado inachemsha. Kabla hujatoa shilingi yoyote, wewe mwenyewe ujue majibu ya maswali mawili. Inachemsha wakati gani? Na maji yanakwenda wapi?

Kama inachemsha ikiwa imesimama, mfano unangoja abiria stendi, lakini ikianza kukimbia inapoa, mshuku feni. Gari ikikimbia inapata upepo wa bure, ikisimama inategemea feni peke yake. Gari ndogo nyingi za Japani zina feni ya umeme. Washa AC: kwa gari nyingi feni inatakiwa ianze kuzunguka. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei na nyaya kwanza, ni vitu vya bei ndogo, kabla ya kununua feni nzima. Hiace nyingi za zamani feni yake inazungushwa na injini kwa mkanda, basi angalia mkanda kama umelegea. Usiingize mkono huko injini ikiwa inanguruma, na ile feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe ukidhani imelala.

Kama inachemsha ikiwa mbioni au inapopanda mlima na mzigo, mara nyingi maji hayapiti vizuri au upepo haupiti. Barabara zetu za murram zinajaza rejeta vumbi, mbegu za nyasi na wadudu. Ukiangalia kwa mbele unaona safi, kumbe katikati ya rejeta ya maji na ile ya AC kumejaa takataka. Osha kwa maji ya taratibu, injini ikiwa baridi, ukimwaga kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kazi hii haina gharama, na inaponya gari nyingi. Ikishindikana, ndipo unashuku kutu ndani ya rejeta, au pampu.

Ikichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, hapo kuna neno. Huenda themostati imekwama imefunga: injini moto kabisa lakini mpira mmoja wa rejeta bado baridi. Au gasketi ya hedi imeungua. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi, ijaze maji, iwashe: mapovu yakija mfululizo bila kuisha, ni moshi wa injini unaingia kwenye maji.

Swali la pili halihitaji hata makanika. Tandika karatasi ya boksi chini ya gari usiku kucha, asubuhi utaona tone limeanguka wapi. Gusa kapeti ya abiria wa mbele, kwani mirija ya hita nayo inavuja. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, usiiwashe tena. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto nao unaonyesha kwamba maji yanaunguzwa. Kama maji hayaonekani yanakotoka, jaribu kubadili kifuniko cha rejeta kwanza. Springi yake inachoka, inaacha maji yatoke kidogo kidogo, na watu wanalaumu injini bure.

Kuna jambo ambalo sikubaliani kabisa na mafundi wetu wengi. Gari ikifika tu, wanatoa themostati na kuitupa, "huku ni joto, ya nini?" Themostati ndiyo mlango unaopima maji yaende rejeta saa ngapi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake na inakula petroli zaidi. Na katika injini kadhaa, zikiwemo za Toyota, themostati inapofunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, maji mengine ya moto yanazunguka tu bila kupita rejeta, na gari inazidi kuchemsha. Kama imekufa, inunuliwe nyingine.

Maji ya kisima nayo yana madini. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika ndio unaoganda kwenye mirija ya rejeta. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa safi, na bora zaidi kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, maana inazuia kutu. Lakini kulanti ni sumu, tena ina utamu. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, na ikimwagika chini imwagiwe udongo kabla mtoto au mbuzi hajaonja.

Mwisho, kwa wanaojiandaa kununua. Tangu 2018 Uganda haipokei tena gari zilizozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini zilizoingia kabla zinaendelea kuuzwa. Probox zilianza kutengenezwa 2002, kwa hiyo unaweza kuuziwa yenye miaka zaidi ya 20. Mwambie muuzaji unataka kuikuta injini baridi. Ukifika ukaikuta imeshawashwa, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua rejeta: maji ya rangi ya kutu yanakuambia ilivyotunzwa, na mafuta yanayoelea juu yanakuambia uondoke. Halafu iwashe, ikae inanguruma mahali pamoja dakika 20 hivi, AC ikiwa imezimwa, mpaka usikie feni inaanza na baadaye inazima yenyewe. Isipoanza na taa ya moto ikawaka, izime, na pesa ya kikundi ibaki mfukoni mpaka sababu ijulikane.